Twita ya Boksi la Kulia

Spika zile zilifika kwangu Jumanne asubuhi juu ya mkokoteni wa punda, zimefunikwa blanketi na kufungwa kamba. Mwenyewe alikuwa akitembea nyuma yake na fimbo, akimgombeza mwenye punda kila gurudumu lilipogonga jiwe. Nilimjua kwa sura na kwa sifa. Alikuwa mzee wa Kiborana aliyefanya biashara ya ng'ombe tangu ujana wake, na nyumba yake ilikuwa hapo hapo Wabera, mjini Isiolo, mitaa miwili kutoka kibanda changu cha kutengeneza redio. Sifa yake ni kwamba hakuna kitu kilichowahi kumpendeza. Chai ya hoteli ilikuwa maji, vijana wa siku hizi walikuwa maneno, na mafundi wote wa Isiolo walikuwa wezi. Kwa hiyo aliposimama mlangoni kwangu na kusema salaam aleikum, niliitikia huku nikijiuliza nimemkosea nini.

Tulipofunua blanketi nilisahau maswali yangu. Yalikuwa maboksi mawili ya mbao halisi, marefu hadi kiunoni, si haya ya siku hizi ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Kila moja lilikuwa na koni kubwa chini ya kutoa besi, na juu yake ile ndogo tunayoiita twita, inayotoa sauti nyembamba zote: matoazi, filimbi, mlio wa s mdomoni mwa msomaji wa habari. Mzee alizinunua kwa Mzungu mmoja mhandisi wa barabara aliyekuwa akirudi kwao, wakati mimi nikiwa bado shule ya msingi. Tangu hapo zilikaa sebuleni kwake zikimsomea habari na kumwimbia.

Kisha mzee akafanya jambo ambalo mteja hajawahi kunifanyia. Wateja wangu huficha. Mtu huleta redio iliyotumbukia ndoo ya maji na kuapa kwamba ilikufa yenyewe ikiwa imekaa mezani. Huyu alianza kunitajia kasoro moja moja. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ndivyo afanyavyo mnadani. Pale soko la mifugo, muuzaji anayemwogopa Mungu hataji bei kabla hajasema ubaya wa mnyama wake: huyu anapiga teke, huyu jicho moja halioni, huyu ametupa mimba mara mbili. Akificha na mnunuzi akagundua, mnyama hurudishwa, na jina la mwenyewe halirudi tena mahali pake.

"Hii kubwa zote mbili, sponji imeoza," alisema, akizigonga kwa fimbo. "Hii mbao ya nyuma panya ametoboa. Hii waya nilikanyaga mimi mwenyewe. Lakini hii ndogo mbili iko mzima. Jana nimesikiliza, inalia sawasawa. Hiyo usiguse."

Nilimwambia sawa, mzee. Moyoni nilicheka. Alikuwa amepita miaka sabini, na kila fundi anajua kwamba umri huanza kula sauti nyembamba kabla ya nene. Nikajisemea, huyu anasikia kwa kumbukumbu tu, twita zake huenda zilikufa miaka kumi iliyopita. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na miwili, na kwa masikio nilijihesabu kijana.

Nilianza na sponji. Ni ile pete laini inayoizunguka koni na kuiruhusu kucheza mbele na nyuma. Ilikuwa imeoza hadi ikawa inabaki vidoleni. Niliagiza pete nyingine kutoka Nairobi, zikaja, zikawa ndogo kwa upana wa kidole. Badala ya kungoja tena, nilikumbuka kuwahi kufungua spika fulani ya kale iliyokuwa na pete ya ngozi nyembamba. Isiolo tunakosa vitu vingi, lakini si ngozi. Shangazi ya mke wangu hutengeneza ngozi za wana-mbuzi, akanipa moja iliyokuwa laini kuliko kitambaa. Sikujiuliza kwa nini ni laini. Nilikata pete zangu, nikapaka gundi, nikaacha siku nzima, kisha nikaweka muziki. Wimbo wa pili haukuisha. Koni iliruka kutoka mahali pake ikaning'inia kwa waya wake.

Ngozi ile ilikuwa imesuguliwa mafuta wiki mbili, kama ngozi zetu zote zinavyosuguliwa tangu babu zetu, na gundi na mafuta havikai nyumba moja. Mtoto wa Kiturkana angejua hilo, na mimi ni Mturkana mwenye nywele za mvi. Mke wangu alicheka hadi akaketi sakafuni. Akaniuliza kama ningependa anikaangie na gundi pia kwa mafuta hayo.

Niliiosha ngozi kwa sabuni ya unga mara tatu, nikaianika kivulini, nikaivuta juu ya goti langu kila baada ya muda mfupi ili isikauke ikawa ngumu. Safari hii ilishika. Besi iliyotoka ilikuwa nzito na tulivu, na niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Nilikuwa na furaha kwa siku mbili. Nazitaja kwa sababu ndizo siku za mwisho nilizofanya kazi yangu bila woga.

Siku ya tatu niligeukia twita. Nilikuwa nimeambiwa nisiziguse, lakini fundi hawezi kumrudishia mtu kazi ambayo hajaisikiliza yote. Njia yangu ya kusikiliza ni moja: naziba sikio la kushoto kwa kidole, naweka la kulia karibu na spika kabisa. Nilijifunza njia hiyo nikiwa juu ya lori. Kwa miaka kumi na mmoja, kabla sijapata kibanda changu, nilimfanyia kazi mtu aliyekuwa akikodisha vyombo vya muziki kwa harusi, mikutano ya injili na kampeni. Nilisimama nyuma ya lori, jenereta upande mmoja na spika zenye midomo ya tarumbeta upande wangu wa kulia, na ili kujua ni ipi inayokufa ilibidi niizibe dunia kwa kushoto na kuielekezea ile tarumbeta sikio la kulia. Tulizunguka hivyo kutoka Kinna hadi Merti. Nililipwa, nikala, nikaoa.

Basi niliweka kanda yenye matoazi mengi, nikaziba kushoto, nikainama mbele ya boksi la kulia. Besi ilikuwepo. Twita ilikuwa kimya. Nilibadilisha kapasita yake, kile kikopo kidogo kinachoipitishia umeme, maana hizo hukauka kwa uzee. Kimya. Nikajisemea, si nilisema, mzee anasikia kwa kumbukumbu. Nikaitoa, nikaifungua kwa wembe nione uzi wa shaba uliomo ndani, mwembamba kuliko unywele wa mtoto. Wembe uliteleza na uzi ukakatika. Sikusikitika sana. Kitu kimekwisha kufa, ukikikata utakiua mara ngapi.

Nikahamia boksi la kushoto ili nipate kulinganisha. Nikaziba sikio, nikainama. Kimya vile vile.

Hapo ndipo kitu baridi kilipoanza kunipanda mgongoni. Twita mbili kufa kwa namna moja, ndani ya maboksi mawili, ni jambo ambalo sikuwa nimelikuta katika miaka yangu yote ya kazi. Nilijua kulikuwa na jibu lingine. Nilijua hata lilikuwa wapi. Lakini nilisimama, nikaosha mikono, nikaenda kununua muda wa simu ambao sikuuhitaji.

Kusema kweli woga ule haukuzaliwa siku hiyo. Ulikuwa umekaa kwangu kama miaka miwili na mimi nikijitia hamnazo. Wateja waliosimama upande wangu wa kulia walikuwa wameanza kugonga bati ndipo niwaangalie. Simu ilikuwa imehama kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, na sikumbuki ni lini niliihamisha. Kanisani niliwahi kuimba ubeti mzima peke yangu wakati wenzangu wamekwisha kukaa. Na karibu na soko pikipiki ilinipiga kiwiko kidogo tu, na mwenye boda akasimama akaniuliza kama nimetia pamba masikioni. Kila kimoja kilikuwa na sababu yake. Ni vumbi. Ni mafua. Ni nta. Ni adabu mbaya ya watu wa boda. Wateja walinitania, sikio la kufa halisikii dawa, fundi, nami nilicheka pamoja nao.

Nilicheka kwa sababu namjua mtu ambaye masikio yake yalikufa. Baba yangu alichunga mbuzi upande wa Kipsing kabla hatujahamia mjini, na kusikia kwake kuliondoka polepole, kama maji ya kisima cha mchangani. Kiangazi kimoja kulikuwa na ugomvi wa maji, na wachungaji walikubaliana kwamba hatari ikionekana mtu apige mbinja, wote wakimbize mifugo mlimani. Mbinja ilipigwa. Wote walikimbia. Baba alikuwa ndani ya shimo lake mchangani, kichwa chini, akichota maji ya mbuzi kwa kata. Alipotoka hapakuwa na mtu, na hapakuwa na mbuzi hata mmoja.

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililommaliza. Watu waliacha tu kumwambia mambo. Tulipokuja mjini tulikula pamoja naye, tukizungumza juu ya kichwa chake. Posa ya dada yangu ilijadiliwa na kukubaliwa mbele yake, yeye akiwa amekaa hapo na bakuli lake, bila kujua kwamba ameshamwoza binti yake. Tulipocheka alicheka pia, akichelewa kidogo, akitutazama midomo. Mimi nilikuwa mmoja wa waliozungumza. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kumwinamia na kumweleza, na sikufanya hivyo, kwa sababu ilikuwa inachosha. Hicho ndicho nilichokuwa naogopa: si ukimya, bali kuwa mtu anayechosha wenzake.

Kesho yake nilijikaza. Simu yangu ina programu ya kutoa mlio mmoja tu, unaoupandisha kwa kidole hadi uwe mwembamba unavyotaka. Niliiunganisha na amplifaya, nikaufungulia mlio mwembamba ndani ya boksi la kushoto, lile ambalo twita yake sikuwa nimeigusa. Nikaziba sikio la kushoto, nikainamisha la kulia. Kimya. Niliongeza sauti. Kimya. Niliongeza tena, huku nikiangalia taa za amplifaya ambazo sasa zilikuwa zinawaka nyekundu, nikijiuliza kwa nini chombo kiseme kinafanya kazi na sikio liseme hapana.

Kivuli kikaingia mlangoni. Alikuwa mke wangu. Huuza vitunguu na nyanya za Kinna sokoni, na saa saba hunipitishia chakula. Alikuwa amebeba bakuli kwa mkono mmoja, na kiganja cha mkono wa pili kilikuwa kimeziba sikio lake. Uso ameukunja wote. Midomo yake ilisema kitu, nikatoa kidole ili nimsikie.

Mlio ukaingia. Uliingia upande wa kushoto kama sindano, na kumbe ulikuwa mkali kiasi cha kuumiza meno.

"Zima hiyo kitu," alikuwa akisema. "Watu huko nje wanashika masikio."

Sikuzima. Nilirudisha kidole sikioni. Kimya. Nikakitoa. Mlio. Nikakirudisha, nikakitoa, nikakirudisha. Nilisimama hapo mbele ya mke wangu nikifanya hivyo, mtu mzima, kama mtoto aliyegundua mchezo, huku nimeshika meza kwa mkono wa pili. Yeye hakurudia alilosema. Aliweka bakuli chini, akanipita, akazungusha kitufe cha amplifaya mwenyewe hadi taa zikazimika. Nilimwambia nina mafua. Akasema pole, akanifunulia chakula, akarudi sokoni.

Sikula. Juu ya meza yangu, upande wa pili, ilikuwapo twita ya boksi la kulia, tumbo wazi, uzi wake umekatika. Ilikuwa hai siku zote. Mzee aliniambia ni hai. Nilikuwa nimeichinja kwa sababu niliamini sikio langu kuliko lake.

Wiki iliyofuata sikuwa mtu. Nilikuwa napima sikio langu kila nilipokwenda, bila kutaka. Niliziba kushoto dukani nikitazama midomo ya mwenye duka. Niliziba kushoto chini ya tangi nikitazama tone la maji likianguka bila kusema chochote. Asubuhi moja niliwaona shomoro kumi au zaidi juu ya bati la jirani, midomo inafunguka na kufumba, na kwa masikio yote mawili wazi nilisikia kidogo sana. Ndipo nilipojua kwamba hata la kushoto limeanza safari. Nikajaribu kukumbuka ni lini nilisikia ndege mara ya mwisho vizuri, nikashindwa. Nilikaa kwenye ngazi nikiwa nimeshika kikombe cha chai hadi kikapoa.

Nani ataleta redio kwa fundi kiziwi? Swali hilo nililibeba kila mahali. Katika mji wetu habari haihitaji mguu. Mzee mmoja akisema neno baada ya sala ya Ijumaa, Jumamosi hata watu wa Kipsing wanalijua. Kwa hiyo niliamua kuficha. Niliichomoa twita kutoka katika sabufa moja mbovu, seti ya spika za kisasa, nikaiingiza mahali pa ile iliyokufa, nikaifunga kwa kitambaa kipya cha mbele ili isionekane. Uongo wangu niliutengeneza kwa uangalifu kuliko nilivyotengeneza spika. Ningemwambia: mzee, ile ya kulia ilikuja imekufa, uzee tu. Ni mtu wa miaka sabini na zaidi. Atajua vipi? Nilifanyia mazoezi sentensi hiyo nikiwa peke yangu kibandani, na kila nilipoisema niliisikia inatoka vizuri, ingawa masikio yangu sasa sikuyaamini katika jambo lolote.

Siku ya kuzirudisha mke wangu aliacha vitunguu vyake kwa jirani, akasema anakuja kumsalimia mke wa mzee. Hawakuwa marafiki. Sikuwa na nguvu ya kuuliza.

Sebule ya mzee ilikuwa na mazulia na mito ukutani, na mahali pawili palipokuwa peupe zaidi ukutani ndipo spika zilipokaa miaka yote hiyo. Tuliziweka. Mzee alimsalimia mke wangu, habari ya soko, mama, akaketi kulia kwangu. Huo ndio upande wangu usiosikia. Mke wangu aliketi ng'ambo, akitutazama, mgongo wake ukiwa kwenye spika. Mzee akaingiza kanda yake, sauti ya mwanamume akiimba kwa Kiborana na kupiga makofi, akafumba macho.

Alisikiliza wimbo mzima. Besi ilimpendeza, niliona kwa kichwa chake. Kisha akafungua macho akaniuliza jambo, na nilijua ni swali kwa sababu alikuwa anasubiri. Niligeuza uso wote kwake. Akarudia.

"Kuna kitu inakwaruza kidogo. Unasikia?"

"Nasikia," nilisema. Sikuwa nasikia.

"Ni upande gani?"

Nilitazama boksi hili, nikatazama lile, kana kwamba macho yangeweza kusaidia. Ndipo nilipomwona mke wangu. Alikuwa ameinua mkono wa kulia akijikuna shavu, polepole, akinikazia macho. Alikuwa ananionyesha. Lakini alikuwa amekaa akinielekea, na katika hofu ile sikujua kama anamaanisha kulia kwake au kulia kwangu. Nikachagua.

"Hili," nikasema, nikaonyesha boksi la kulia.

Mzee akanitazama. Mke wangu akateremsha mkono wake.

"Hapana, fundi. Ni ile ingine." Aliinuka, akaweka kiganja juu ya boksi la kushoto, skrubu moja ilikuwa imelegea, akaibana kwa ukucha, na uso wake ukaonyesha kwamba mkwaruzo umekwisha. Kwangu hapakuwa na kilichobadilika. Kisha akahamia boksi la kulia, akainama, akatega sikio lake la kizee mbele ya kitambaa changu kipya. Kisha akanyooka.

"Hii ndogo si sauti yake," alisema. "Nilikuletea ikiwa mzima."

Sentensi yangu ilikuwa tayari. Nilifungua mdomo, nikasema, "Mzee, hii ilikuja..." na hapo ikakwama. Sijui kama ni dhamiri. Nadhani ni uchovu. Nilikuwa nimeogopa wiki nzima bila kupumzika na sikuwa na nguvu ya kuanza kuogopa uongo pia.

"Ilikuja nzima," nikasema. "Nimeikata mimi. Niliiweka sikioni sikuisikia, nikafikiri imekufa. Sikio langu ndilo limekufa."

Nilikuwa sijawahi kuyasema maneno hayo, hata peke yangu. Mwanamume wa kwenye kanda aliendelea kupiga makofi. Mzee alizima. Nilingoja anifokee, maana kufoka ndiyo kazi aliyoijua zaidi. Badala yake alinijia, akanitazama kichwa upande mmoja na upande wa pili, kama anavyomtazama ng'ombe, akaanza kuniuliza. Ni sikio lipi? Nikamwambia la kulia. Tangu lini? Karibu miaka miwili. Na la pili liko namna gani? Nikamwambia la pili nalo limeanza kwenda. Hakusema pole. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua ananunua nini, na ajabu ni kwamba kwa namna hiyo niliweza kujibu.

Alipomaliza alihama, akaja kuketi kushoto kwangu.

"Mimi nachukua hizi spika zangu," alisema. "Umesema kasoro, nimekubali. Kosa lako ni moja. Ungesema siku ile nilileta, tungesikiliza pamoja."

Nilimwomba asiwaambie watu. Niliomba waziwazi, mbele ya mke wangu, na sikuona haya. Mzee akatikisa kichwa kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto.

"Kasoro inasemwa na mwenye mnyama," alisema. "Mimi si mwenyewe. Utasema wewe."

Tulikunywa chai yake. Ilikuwa na maziwa mengi na sukari ya kutosha, na yeye alilalamika kwamba ni maji.

Tangu siku hiyo nimekwenda hospitali, nikavalishwa vidude masikioni na kuambiwa niinue mkono kila ninaposikia mlio. Mkono wangu ulikaa pajani muda mrefu hadi nikaanza kuutazama. Daktari alisema ni mishipa, ni kelele za miaka mingi, na kilichoondoka hakirudi. La kushoto tunaweza kulichunga. Wateja wangu nimeanza kuwaambia, mmoja mmoja, kabla hawajaweka redio mezani. Wengine hubaki na kuketi kushoto, tunasikiliza pamoja. Wengine hukumbuka kwamba wana haraka. Kila ninapoanza sentensi hiyo ni kama mara ya kwanza, na sitadanganya kwamba inakuwa rahisi.

Lakini nilitaka kusimulia tulivyorudi nyumbani siku ile. Tulitoka kwa mzee kama saa tisa, jua kali, barabara imejaa wanafunzi na pikipiki. Mke wangu alikuwa kushoto kwangu. Nilitembea hatua kadhaa nikilifikiria hilo, kisha nikasimama. Kitandani siku hizi hulala kushoto kwangu, na zamani alikuwa akilala kulia, upande wa mlango, kwa sababu ya watoto. Kanisani huketi kushoto. Kigoda chake cha jikoni kilikuwa kimehama. Nilikuwa nimeyaona yote hayo na sikuyaona.

Nilimuuliza amejua tangu lini.

"Tangu mvua za mwaka juzi," alisema. "Nilikuita ukiwa karibu yangu hivi, mara tatu, na hukugeuka."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akatazama barabara kwanza, pande zote mbili, kabla ya kunijibu, na alisema karibu na sikio langu zima ili asilazimike kupaza sauti.

"Ulikuwa unaogopa, baba watoto. Nikasema wacha niogope mimi kwanza. Nimeogopa peke yangu muda huo wote, nimechoka. Sasa tuko wawili. Karibu."

Akanishika mkono. Hatujawahi kushikana mikono barabarani, watu wa umri wetu hawafanyi hivyo Isiolo, na wanafunzi walitutazama wakacheka. Tulivuka. Katikati ya barabara alinivuta ghafla nyuma, na pikipiki ikapita upande wangu wa kulia, karibu kiasi kwamba upepo wake ulinigusa shati. Niliiona tu ikienda.